Kidonge kilichonikwama mimi, na nilivyokizuia kisimkwame paka wangu

Alfajiri ya siku ya tatu ya dozi niliamka nikidhani nimemeza mwiba wa samaki. Lakini jana yake hatukula samaki, tulikula ugali na mlenda. Kila nilipomeza mate kitu kilinichoma katikati ya kifua, nyuma ya mfupa, maumivu yakatokea mgongoni. Kulipokucha nikapika uji mwepesi, nikaupooza. Kijiko cha kwanza tu kilinitoa machozi.

Nilikuwa naumwa kifua: homa, makohozi mazito, na kichomi upande wa kulia nikivuta pumzi. Hospitalini hapa Morogoro walinipiga picha wakaona nimonia. Daktari akauliza kama kuna dawa inayonikataa, nikamwambia penisilini. Nikiwa darasa la nne nilichomwa sindano ya PPF, haikupita nusu saa nikajaa mabaka ya kuwasha mwili mzima na midomo ikavimba. Kwa hiyo hakunipa amoksilini, ambayo ni ya ukoo wa penisilini. Akaniandikia doksisaiklini, hii tunayoiita doksi, kapsuli za miligramu 100, moja asubuhi na moja jioni kwa siku 7. Dirishani wakanipa kibahasha kimeandikwa 1x2, na si neno jingine.

Nikafuata nilichoandikiwa. Ya asubuhi niliimeza na chai ya maziwa. Ya usiku niliimeza nikiwa tayari kitandani, neti imeshuka, funda moja la maji kutoka kwenye kikombe cha mtoto, nikageuka ubavu nikalala.

Niliporudi hospitalini daktari alinisikiliza, akaniuliza swali moja: "Mama, unaimeza saa ngapi, na maji kiasi gani?" Nilipomweleza akatikisa kichwa. Akasema kapsuli ile ilinata kwenye umio, yaani ule mrija wa kupeleka chakula tumboni, ikayeyukia palepale. Doksi ikiyeyuka inakuwa na ukali kama wa tindikali, na nyama laini ya umio haiwezi kuuvumilia. Inachubuka, inafanya kidonda. Na mtu akishalala hamezi mate sana, kwa hiyo hakuna cha kuisukuma kapsuli iende chini.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jambo hili linazuilika kwa glasi moja ya maji. Glasi nzima, si funda. Umeze ukiwa umekaa wima au umesimama, kisha usilale kwa nusu saa angalau, na ukiweza hata saa nzima. Ya jioni imeze na chakula cha jioni, usiisubirishe mpaka unapanda kitandani. Maneno hayo yangeenea kwenye kile kibahasha, chini ya 1x2.

Lipo la pili ambalo nililikosea bila kujua. Maziwa. Kalisi iliyomo kwenye maziwa inaishika doksi tumboni, kiasi kingine hakiingii kwenye damu. Vidonge vya kuongeza damu, vile vyenye madini ya chuma, vinafanya hivyohivyo, na dawa za kiungulia zenye magnesiamu au aluminiamu vilevile. Hapa ndipo nilipoogopa kweli, maana kabla ya kwenda hospitalini nilishamtuma kijana dukani aniletee dawa ya kiungulia ya kutafuna. Ningeitafuna na doksi pamoja, nikadhani najitibu koo, kumbe naizuia dawa ya nimonia isifanye kazi. Siprofloksasini, antibiotiki nyingine, nayo haitaki kuchanganywa na vitu hivyo. Ukiwa unatumia vidonge vya damu, uliza viachane kwa saa ngapi.

Daktari alinisimamishia doksi, akanibadilishia azithromaisini, akaongeza omeprazole ya kupunguza asidi ili kidonda kipone. Mfamasia naye akajaza taarifa ya madhara ya kupeleka TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania, akaniambia hata mgonjwa mwenyewe anaweza kutoa taarifa. Uji ulianza kupita bila machozi siku ya tano. Samaki wa kukaanga nilirudi kula baada ya wiki mbili.

Nikabaki na kapsuli 10 za doksi kwenye kabati.

Kabla sijafika kwa paka, niseme kidogo ya mwanangu wa miaka minne, maana wiki hizohizo alitokwa na usaha sikioni. Aliandikiwa dawa ya maji ya amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti. Nikakataa papo hapo, nikijua damu yangu na penisilini haziivi. Daktari akanituliza: aleji ya mama si sababu ya kumnyima mtoto, ila nimwangalie kwa karibu dozi ya kwanza. Akitokwa na mabaka ya kuwasha, akivimba midomo au macho, au pumzi ikimbana, ni kumkimbiza hospitalini muda huohuo. Nilikaa naye sebuleni saa nzima nimemkazia macho. Hakupata kitu.

Chupa ile inakuja na unga. Unachemsha maji, unayaacha yapoe kabisa, unajaza mpaka kwenye alama, unatikisa. Inakaa kwenye friji, na baada ya siku 7 inayobaki inamwagwa, hata kama imebaki nusu chupa. Umeme ulikuwa ukikatika, nikaiweka nyuma kabisa karibu na barafu, bila kuiacha igande. Nikafanya na jaribio dogo: nilichukua kijiko cha chai cha nyumbani nikakijaza maji kwa sirinji. Kiliingia mililita tatu na nusu. Kijiko cha jirani kiliingia karibu sita. Dozi ilikuwa mililita 5. Tangu siku hiyo dawa ya mtoto napima kwa sirinji yenye alama, kijiko kimebaki cha sukari.

Siku ya tatu akaanza kuharisha, choo laini mara nne kwa siku. Dawa hii inajulikana kwa hilo, kwa sababu inaua na bakteria wazuri wa tumboni pamoja na wabaya. Choo hakikuwa na damu, mtoto alikuwa anacheza na kunywa, kwa hiyo tuliendelea na dozi tukampa chakula kwanza kabla ya dawa, na maji ya ORS kila baada ya choo. Wafamasia wanayaita haya maudhi, si madhara, na ninaona tofauti hiyo ni nzuri kuijua. Maudhi unavumilia huku unaangalia. Damu kwenye choo, maumivu makali ya tumbo, kuharisha maji mfululizo, ngozi kubabuka au vidonda mdomoni, hayo hayasubiri kesho.

Sasa paka wetu. Anaitwa Doa, jike la kijivu lenye baka jeupe shingoni. Mwezi mmoja baada ya yangu kuisha alianza kupiga chafya. Siku ya pili jicho la kushoto likavimba, jekundu, matongotongo yameligandisha. Siku ya tatu alinusa dagaa akageuza uso, na Doa hajawahi kugeuzia dagaa uso.

Bibi wa nyumba ya pili, mtu mzima tunayemheshimu, ambaye amefuga kuku miaka mingi, akanishauri kwa mapenzi kabisa. "Mwanangu, fungua hiyo kapsuli yako ya rangi mbili, mwagia nusu kwenye maziwa, mpe. Kuku wangu nawapa hivyo na wanapona." Jirani mwingine akasema nimkatie panadol ya homa.

Nilikuwa nimeshaishika kapsuli mkononi. Nikakumbuka ule uji. Nikairudisha kabatini, nikamtia Doa kwenye kikapu cha ukili, nikamfunika khanga, tukapanda bajaji kwenda kwa daktari wa mifugo.

Kwenye benchi nilimkuta kijana amebeba sungura kwenye boksi. Daktari alimsihi mbele yetu sote: sungura asipewe amoksilini ya kunywa hata akiwa na kidonda cha namna gani. Dawa hiyo, ambayo mwanangu alikunywa akapona, inavuruga bakteria wa tumbo la sungura mpaka anakufa kwa kuharisha. Na zamu yetu ilipofika nikauliza habari ya panadol, akaniambia kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa hiyo, damu yake inaharibika, ufizi unageuka rangi ya udongo, anakosa pumzi. Nilimtazama Doa nikashukuru kwamba sikuwa na haraka.

Alimpima: kilo 3.2. Akamtazama macho, mdomo, akasikiliza mapafu. Akasema anahisi ni klamidia ya paka, ambayo si ile ya watu inayoambukizwa kwa ngono, ila ninawe mikono kila nikimsafisha jicho. Kisha akaandika dawa. Doksisaiklini, kwa siku 28.

Moyo ulinipiga. Nikamweleza yote yaliyonipata, nikamwambia na ushauri wa bibi. Hakumdharau bibi hata kidogo. Alisema dawa aliyoitaja ndiyo yenyewe, ila njia ya kuitoa ingeiharibu. Kapsuli ya mtu mzima ina miligramu 100, na Doa kwa uzito wake alihitaji takriban theluthi moja kwa siku. Unga wa kumwagwa kwa macho hauna kipimo. Kwenye maziwa ingeshikwa na kalisi, kama chai yangu. Na kwenye umio wa paka kidonge kikavu kinaweza kukaa dakika kadhaa bila kushuka. Kikiunguza, kovu linaweza kuubana mrija usifunguke tena, akawa anarudisha kila anachokula. Kwa paka, tatizo langu la wiki mbili lingeweza kuwa la maisha.

Akanipa vidonge vilivyokatwa kwa uzito wa Doa, na sirinji ya mililita 10 isiyo na sindano. Masharti mawili: amezeshwe maji mililita 6 baada ya kila kidonge, kisha ale papo hapo.

Siku ya kwanza alinikwaruza mpaka kiwiko. Siku ya pili nikapata njia. Namfunga kwa khanga kama mtoto mchanga, miguu yote ndani, kichwa tu nje. Namweka juu ya mapaja, mgongo wake tumboni kwangu. Mkono wa kushoto unashika mashavu nyuma ya meno ya chonge, unainua kichwa kidogo, taya lenyewe linaachia. Kidonge nimekipaka siagi kiteleze, nakiweka nyuma kabisa ya ulimi, nafunga mdomo, napapasa koo mpaka arambe pua. Akiramba pua amemeza. Halafu sirinji kwenye pembe ya mdomo, maji kidogo kidogo, namwachia ameze ndipo niongeze. Ukisukuma kwa nguvu yanaingia mapafuni. Mwisho mchuzi wa samaki usio na chumvi, na jicho nilimsafisha kwa pamba ya maji ya uvuguvugu.

Siku ya sita alitapika dakika kumi baada ya kumeza. Nikampigia daktari badala ya kumrudishia kidonge kwa kubahatisha. Akauliza kama nimekiona kwenye matapishi, nikamwambia sijakiona. Akasema nisirudie, nisubiri kesho, ila nimpe kijiko cha samaki kabla na baada. Hakutapika tena.

Jicho lilifunguka siku ya nne, na kufikia siku ya kumi Doa alikuwa anawinda mijusi kama zamani. Hapo mume wangu akaanza kunishawishi tuache, paka mzima yule. Nilikataa. Daktari alishanieleza kwamba kijidudu hiki hujificha ndani ya seli, dalili zinaondoka kabla yake, ndiyo maana dozi inafika siku 28. Urefu wa dozi unatokana na ugonjwa: yangu ilikuwa siku 7, ya mtoto ya kwake, ya Doa ya kwake, na siku ya kuacha aliyeandika dawa ndiye anayeitaja.

Nilifungua daftari la shule, nikalining'iniza mlangoni mwa kabati. Kila mgonjwa ukurasa wake: uzito, dawa, saa, na kilichotokea. Kwenye ukurasa wangu juu kabisa nimeandika kwa kalamu nyekundu PENISILINI, MABAKA NA MIDOMO KUVIMBA, ili hata nikipelekwa hospitali sijitambui mtu aone. Zile kapsuli 10 nilizirudisha kwa mfamasia wa hospitali waziteketeze wao. Sikutaka zilale kwenye nyumba yenye mtoto wa miaka minne na majirani wema.

Bibi nilimpelekea shikamoo na habari, nikamweleza na la mayai: kuku akiwa kwenye dawa, na siku kadhaa baadaye kama zilivyoandikwa kwenye pakiti, mayai yake yasiliwe wala yasiuzwe, kwa kuwa dawa inapita mle. Alinyamaza, akaenda ndani akaleta pakiti, akaniomba nimsomee, maana miwani yake imevunjika. Tulisoma pamoja mpaka mwisho.

Siku ya 28 niliamka mapema. Khanga, siagi, kidonge cha mwisho, mililita 6. Doa akaramba pua, akajifungua mwenyewe kwenye khanga, akaenda kukaa kando ya sufuria ya dagaa.