Wǒ tisa kwenye insha moja: nilivyojifunza kuacha "mimi" katika Kichina

Muhula wa kwanza Guangzhou, mwalimu alinirudishia insha ya mistari 12 imejaa wino mwekundu. Nikakagua herufi moja moja, zote ziko sawa. Alichokata ni wǒ. Nilikuwa nimeandika wǒ tisa, yaani "mimi" tisa. Akaniachia ile ya mwanzo tu. Pembeni akaniandikia kwamba nasikika kama mtu anayejisifu.

Mwingereza niliyekaa naye dawati moja alikatwa zaidi yangu, ila yeye ana udhuru. Kiingereza hakikubali kitenzi kisicho na mwenyewe, hata mvua wanaitafutia. Siku moja mvua ilianza tukiwa darasani, akasema tā xià yǔ le, yaani "yeye ananyesha". Mwalimu akacheka: nani huyo anayenyesha? Wachina husema xià yǔ le, basi.

Mimi niliona kosa hilo halinihusu. Si tunasema "nimekula" bila "mimi"? Nilipoketi na ile insha ndipo nikashtuka. Kila palipokuwa na ni- kichwani, mkono umeandika wǒ. Nilienda sokoni, nikanunua samaki, nikarudi hosteli, nikapika: wǒ, wǒ, wǒ, wǒ. Kitenzi cha Kichina hakina kiambishi cha nafsi, kwa hiyo nilidhani wǒ ndiyo inayoziba pengo hilo. Haizibi. Wǒ ni "mimi" kamili, ile tunayoitoa tukitaka kujitenga na wengine: "Mimi nimekula, sijui wewe." Hebu msikilize mtu anayekwambia mimi nilienda, mimi nikanunua, mimi nikarudi, mimi nikapika, uone kama hutamchoka kabla samaki hajaiva. (Chetu kinachokaribia chao ni hu-. Ukisema "hula samaki", kitenzi chenyewe hakitaji mlaji.)

Kuizoea hali hiyo kulinitokea kwenye kimgahawa cha tambi nyuma ya hosteli. Āyí, mama muuzaji, huuliza bila kuinua macho: jiā dàn ma? Aongeze yai? Wiki za mwanzo nilimjibu sentensi nzima, wǒ yào jiā dàn, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Wenyeji wanajibu jiā, wanasogea. Kichina hakina "ndiyo" moja ya kujibia kila swali, mara nyingi unarudisha kitenzi kile kile ulichoulizwa. Chī le ma? Chī le. (Umekula? Nimekula.) Qù ma? Bú qù. (Unaenda? Siendi.) Nikawa nakula huku nimetega masikio. Usiku, kabla ya kutuma ujumbe wa WeChat, nafunika kila wǒ kwa kidole gumba na kuusoma upya, ukieleweka, naifuta.

Nikazidisha. Asubuhi moja mwenzangu wa chumbani, ambaye tulisoma darasa moja, aliamka na homa kali. Nikamwandikia mwalimu haraka haraka: wǒ tóngwū fāshāo le, bù néng lái shàngkè. Nilichokusudia: mwenzangu ana homa, siwezi kuja darasani, maana nampeleka hospitali. Alichosoma mwalimu: mwenzangu ana homa, hawezi kuja darasani. Kwa Kiswahili si- na ha- zingeniokoa, lakini bù néng ni ya kila mtu. Mgonjwa akapewa ruhusa, mimi nikaandikwa mtoro.

Nilikwenda kujieleza, mwalimu akanichorea mstari ubaoni. Ukishamtaja mtu, vitenzi vinavyofuata huhesabiwa vyake mpaka utakapomtaja mwingine. Ningeongeza wǒ moja tu kabla ya bù néng, yasingenikuta. Baada ya hapo kila nikiandika najiuliza kama bado ninamzungumzia yule yule. Kama ni yule yule nanyamaza, akibadilika namtaja, hata kama ni mimi.

Insha ya mwisho wa muhula ilirudi na wǒ moja imekatwa. Mbili alikuwa ameziongeza mwenyewe, kwa wino ule ule mwekundu.