Baba na mwana, koo moja

Jana usiku nimeisikiliza tena albamu ya Tea for the Tillerman, ile ya 2020 ambayo mwanamuziki Mwingereza Yusuf Islam aliirekodi upya na kuitoa miaka 50 baada ya ile ya kwanza, enzi akiitwa Cat Stevens. Kusema kweli nyimbo kadhaa hazijanikaa. Midundo kaibadilisha bila sababu ninayoiona. Lakini Father and Son, wimbo wa baba na mwana wakijibizana, jamani! Mistari ya mwana anaiimba Yusuf yule kijana wa 1970, sauti iliyochukuliwa kwenye onyesho la Los Angeles. Baba ni Yusuf huyo huyo akiwa na miaka sabini na kitu. Zamani ilibidi aigize uzee, safari hii wala hakuhitaji. Nimeirudia mpaka mke wangu akauliza kama simu imekwama.