Besi ya mtumba na siri zake

Jana usiku nimeifungua besi yangu, Fender Precision (gita la umeme la sauti nzito), niliyonunua kwa mzee mmoja mstaafu wa muziki wa dansi. Aliniapia ni ya 1976, nikajua ananipiga kamba. Kumbe potenshiomita (kifaa cha ndani cha kupandisha na kushusha sauti) imegongwa 1377633: 137 ni watengenezaji wake, CTS, 76 mwaka, 33 wiki. Mzee, nisamehe!

Ila nambari hiyo ni ya kifaa, si ya gita zima. Nikang'oa na shingo: muhuri wa tarehe umesuguliwa kwa msasa, haupo. Halafu karibu na daraja linaloshikilia nyuzi kuna shimo la patasi. Mtu alipachika pikapu ya besi aina ya Jazz (kinasa mtetemo wa nyuzi, si gari jamani), akaitoa, akaziba kwa gundi na unga wa mbao. Kesho nampelekea mzee picha, aniambie nani alishika hiyo patasi.