Nilitaka wagonjwa, nikapewa kikapu cha midoli

Kesho nna usaili wa kazi, msaidizi wa mtoto darasani, yaani mwalimu anaendelea kufundisha wote na we unakaa karibu na yule mmoja anayehitaji msaada ili asiachwe nyuma. Saa hizi nilitakiwa niwe nshalala zamani. Badala yake nimekaa kitandani nasoma madaftari yangu ya fildi na kucheka peke yangu, kurasa zingine nacheka kwa aibu.

Ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika kwa herufi kubwa SIKU YA KWANZA YA KAZI YA SAIKOLOJIA, nikapigia mstari mara mbili. Chini yake kuna sentensi moja tu, kuosha midoli, kuhesabu, kurudisha kwenye kikapu. Siku ya pili hivohivo. Wiki ya pili bado naosha. Na mimi nilienda pale, kituo cha tiba ya watoto, kichwa kimejaa nadharia za miaka mitatu, nshaandaa mpaka sauti ya upole ya kuongea na wagonjwa, niliifanyia mazoezi bafuni kabisa, halafu nakabidhiwa ndoo na kitambaa. Jioni nikampigia rafiki yangu nikalalamika weeee, eti hawa watu wamepata mfagiaji wa bure.

Kuhusu kikapu nilikuja kuelewa siku gari moja jekundu lilipopotea na mi nikaona si kitu, gari la plastiki tu. Kumbe kuna mtoto wiki iliyopita alilizika kwenye mchanga, na siku ile alikuja moja kwa moja kulifukua. Hakulia, alisimama tu anaangalia ule mchanga, halafu hakucheza tena mpaka muda wake ukaisha. Chumba cha kuchezea cha tiba kinatakiwa kikae vilevile kila mtoto anapokuja, vitu vilevile, sehemu zilezile, manake mtoto ambaye kila kitu maishani mwake kinahamahama anahitaji angalau sehemu moja isiyohama. Hilo nililisoma darasani na kwenye mtihani nikalipatia kabisa. Gari nilikuja kulikuta chini ya kabati.

Ila kilichonikomesha ni kuandika. Supavaiza wangu alikuwa anataka kila mtu anayekaa na mtoto aandike alichokiona, kwa kadi ndogo, saa na kitendo. Kadi yangu ya kwanza ninayo hapa, ya mtoto mmoja hivi, imeandikwa "Leo alikuwa na hasira na ukaidi." Akaizungushia duara. "Mdogo wangu, hasira umeiona wapi? Mikono ilikuwa inafanya nini?" Mi kimya. "Na kabla ya hapo kilitokea nini?" Kimya zaidi, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa naangalia simu.

Basi nikaanza kujifunza kuandika kama kamera. Kadi ya wiki ya tatu inasema hivi: "Saa 4:10 nimemwita aache magari, nimesimama kushotoni kwake. Hakugeuka. Nimemwita tena. Hakugeuka. Nimemshika bega, kashtuka, kalala chini, kapiga mguu wa meza kwa kisigino mara 6." Inachosha kuandika hivo, inachosha na kusoma. Nikaandika kadi za aina hiyo nyingi tu, naona nimekuwa mtaalamu. Siku moja supavaiza akazipanga nne za mtoto huyohuyo mezani akaniuliza zinafanana wapi, nikasema zote anakataa kutii. Akaniambia soma umesimama wapi. Kushoto, kushoto, kushoto, nyuma upande wa kushoto.

Mtoto akapelekwa kupimwa masikio. Kulikuwa na majimaji nyuma ya ngoma ya sikio, kitu cha kawaida sana kwa watoto wadogo na kinapunguza usikivu bila maumivu yoyote ya kumfanya mtu ashtuke. Sasa naomba ieleweke, mi sikugundua chochote. Mi niliandika tu, supavaiza ndo aliona. Lakini ningeendelea kuandika "mkaidi" asingekuwa na kitu cha kuona, na yule mtoto angeendelea kuitwa mkaidi na watu wazima wenye vyeti. (Nimebadilisha mambo mengi kuhusu huyu mtoto, ukihisi unamjua ujue humjui.)

Kipindi kile ndo nilisoma habari za James Robertson na nikamganda mpaka leo. Wakati wa vita kuu ya pili huyu jamaa aliajiriwa kwenye kituo cha kulea watoto cha Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, kule London, kazi yake kuhudumia boila, ule mtambo wa kuchemsha maji. Boila! Ila pale ilikuwa sheria kila mfanyakazi aandike kwenye kadi anachokiona kwa watoto, na fundi wa boila hakusamehewa. Mwaka 1948 John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza watoto wanaotenganishwa na mama zao, akamchukua akaangalie watoto waliolazwa hospitali, enzi ambazo wazazi waliruhusiwa kutembelea kwa masaa ya kuhesabu. Manesi wanasema watoto wametulia, yeye anaandika kwamba hawajatulia, wamekata tamaa. Hawakumwamini. Mwaka 1952 akatoa filamu ya mtoto wa miaka 2 aliyelazwa, madaktari wakachukia, lakini kufika 1959 ripoti ya serikali ya Uingereza ikapendekeza wazazi waruhusiwe kuwa na watoto wao wodini. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia, naye alimfikia Bowlby kwa tangazo la kazi la gazetini, mwaka 1950, baada ya kumfuata mume wake London, na alipomfuata tena Uganda mwaka 1954 akaanza kutembelea familia 26 majumbani kwao kuangalia mama na watoto wachanga, na huko ndo zilianzia zile aina za mshikamano, yaani jinsi mtoto anavyoshikamana na mlezi wake, ambazo sisi tunakariri usiku wa mtihani. Piaget, yule mwanasaikolojia aliyechunguza watoto wanavyofikiri, kazi yake ya mwanzo mwanzo nao ilikuwa kusanifisha mtihani wa mtu mwingine pale Paris, yaani kuujaribu kwa watoto wengi ili uwe na kipimo kimoja, ikambore, akaanza kuvutiwa na majibu waliyokosea. Kwa hiyo kuosha midoli sio mkosi.

Watu wananiuliza sana nilipataje nafasi, na ukweli ni kwamba niliomba sehemu nyingi nikajibiwa mbili. Nachoona wengi wanatafuta neno saikolojia kwenye tangazo, wakati kazi za watoto kwa mtu wa degri ya kwanza mara nyingi zimeandikwa jina lingine kabisa, msaidizi wa darasa, mlezi wa kituo, mhudumu wa michezo wodi ya watoto, mpokea simu za msaada kwa watoto, msaidizi wa utafiti. Hiyo ya utafiti wengi wanaidharau na ni shule kubwa, unakaa na video ya dakika chache, unahesabu kila mara mtoto anapomtazama mama yake, mwenzako anahesabu kivyake bila kuona zako, halafu mnalinganisha, na hapo ndo unajua macho yako yanakudanganya kiasi gani maana mlichokiona wote wawili kwenye video hiyohiyo hakifanani.

Na kuna sehemu za kukimbia. Moja nilidumu siku nne. Siku ya pili nikapewa vipimo vya akili nipime watoto peke yangu, sijawahi hata kufungua boksi, na ripoti ingesainiwa na mtu ambaye hajamwona mtoto. Nilipewa na beji imeandikwa mwanasaikolojia, cheo ambacho nchi nyingi kinalindwa kisheria. Nikaondoka na ninajua walipata mwingine. Siku hizi swali langu la kwanza ni nani atanisimamia na tunaonana mara ngapi kwa wiki, wakianza kuzunguka naaga. Swali la pili nasubiri lile la kwao, wasiponiomba cheti cha polisi au hata mtu wa kunithibitisha kabla ya kunikutanisha na watoto, basi na aliyenitangulia hawakumuuliza.

Kuna kadi moja siipendi. Mtoto aliniambia nikikwambia kitu usimwambie mtu, na mdomo ukanitoka, "sawa". Tulifundishwa kabisa usiahidi siri, usimhoji, andika maneno yake kama alivyoyasema, mwambie msimamizi wako siku hiyohiyo. Yale mengine yote niliyafanya. Ila ile "sawa" nilishaisema, na nilipomrudia kumwambia kwamba imebidi nimwambie mtu mkubwa ili asaidiwe, alinitazama muda mrefu halafu akaenda kukaa kona nyingine. Ilimchukua wiki mbili kurudi kukaa karibu na mimi. Kesho wakiniuliza udhaifu wangu sitasema eti najituma kupita kiasi, nadhani nitasema hilo, sijui watalipokeaje.

Kuondoka nako kuna utaratibu wake, hutoki kimyakimya. Tulichora siku zilizobaki kwenye karatasi, kila tukionana tunafuta moja, na yule wa gari jekundu alikuwa anafuta kwa nguvu mpaka karatasi inachanika. Mi siku ya mwisho nilikuwa nimeandaa maneno mazuri kweli, yenye nadharia ndani. Nikaanza kuyasema, akanikatisha.

"Kikapu kinabaki?"

Nikamwambia kinabaki.

"Na gari?"

Na gari.

"Haya," akageukia mchanga. Kadi yangu ya mwisho inaishia hapo, saa 5:40.