Siku moja maishani mwangu: mwondoaji wa nywele za usoni

Watu wakiniuliza kazi yangu nami nikawajibu kuwa ninaondoa nywele za usoni, wengi husema, "Kumbe, mambo ya urembo," kisha mazungumzo huhamia kwingine. Natamani kila mmoja wao angekuwapo chumbani mwangu pale mteja mpya anapofunga mlango, akavua mtandio uliokuwa umeficha kidevu chake, kisha akainamisha macho akisubiri nitamke neno. Kwa sababu hawawezi kuwapo, nimeamua kuandika jinsi ilivyokwenda siku yangu ya Jumanne iliyopita, tangu alfajiri hadi usiku.

Saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya chai hunyoosha mgongo na shingo kwa robo saa, kwa maana viungo hivyo viwili ndivyo vinavyoumia kwanza katika kazi hii, kisha vidole, kisha macho.

Saa moja na nusu. Vibano vyote vinaingia katika chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121 kwa dakika 15, na kila mteja wa siku anatengewa sindano yake mpya ambayo itafunguliwa mbele ya macho yake na kutupwa baada ya kumhudumia.

Saa mbili hadi saa nne kasoro. Wateja wanne, wote wa kazi fupi. Wawili walitaka nyusi na mdomo wa juu kwa uzi, njia ya zamani sana huko Asia, ambamo uzi wa pamba husokotwa na kuchezeshwa kwa vidole ili ukamate nywele mstari mzima na kuzing'oa pamoja na mashina yake. Wa tatu alikuwa kijana wa kiume mwenye vipele vya wembe shingoni. Ndevu zake zimejikunja tangu ndani ya ngozi, na kila anapozinyoa mpaka chini kabisa, ncha iliyochongoka hugeuka na kutoboa ngozi upya. Nilimwonyesha jinsi ya kuacha urefu wa milimita moja na nikamwomba asiguse vile vipele mpaka vitulie. Wa nne alitaka nta, nami sikumfanyia. Katika fomu yake alikuwa ameandika kuwa anatumia tembe za isotretinoini kwa ajili ya chunusi, dawa inayodhoofisha tabaka la juu la ngozi kiasi kwamba nta ikivutwa inaweza kuondoka na ngozi yenyewe, na tahadhari hiyo inaendelea kwa takriban miezi sita baada ya kumaliza dawa. Alishukuru, akaondoka. Laiti wote wangeandika fomu kwa ukweli kama yeye.

Saa nne. Hapa ndipo siku ilipoanza kunichosha. Mteja wa saa nne alifika saa nne na dakika thelathini na tano. Ni mwanamke wa rika langu, mpole akiwa katika hali yake ya kawaida, na hii ilikuwa ziara yake ya nne ya kuondolewa ndevu za kidevu kwa sindano ya umeme. Alipolala na nikawasha taa, nikaona kidevu kimenyonyolewa chote. Hapakuwa na unywele hata mmoja wa kufanyia kazi, ila vidonda vidogo vipya vilivyoanza kukauka na madoa meusi mahali pa vidonda vya zamani.

"Dada, umenyonyoa tena," nikamwambia.

"Jana usiku tu. Nilikuwa na kikao cha kazini, ningekwendaje vile? Wewe anza, zitakuwa zimebaki kwa ndani."

Hazibaki kwa ndani. Sindano yangu haitafuti unywele gizani. Huteleza kandokando ya unywele uliopo, ikifuata mwelekeo wake hadi chini ya kinyweleo, yaani lile tundu unamoota, na hapo ndipo umeme unapotumwa. Unywele ukishang'olewa, njia imefutika, nasi tunalazimika kusubiri wiki kadhaa hadi mwingine uote. Nilikuwa nimemweleza hayo katika ziara ya kwanza, nikayarudia katika ya pili na ya tatu, na kila mara nilimpa jibu lilelile: zikikusumbua kati ya ziara, zinyoe kwa wembe, usizinyonyoe.

"Wembe?" Aliketi wima kabisa. "Dada yangu, unataka niote ndevu kama za baba? Mwanamke akigusa wembe mara moja, amekwisha."

Nilieleza tena, kwa utulivu. Unywele unaouona nje ya ngozi hauna uhai. Uhai wake uko kwenye shina, chini, na wembe haufiki huko. Unywele ambao haujakatwa una ncha nyembamba, na wembe unapoupitia katikati huacha ncha butu, ambayo kidole kikiipapasa huihisi ngumu na jicho likiitazama huiona nene, ilhali ni unywele uleule. Nilimweleza pia kuwa jambo hili lilipimwa zamani: mwaka 1928 mtaalamu wa anatomia wa Marekani, Mildred Trotter, alichapisha vipimo vya ndevu za wanaume walionyolewa kwa utaratibu maalumu, na hakuona kuwa kunyoa kuliongeza unene wala kasi ya kuota. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema shangazi yake alinyoa mara moja na ndevu zikaja. Nikamuuliza shangazi alikuwa na umri gani. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, umri ambao homoni za kike hushuka na ndevu huja kwa wanawake wengi, wawe wameshika wembe au hawajaushika.

Hakukubali. Akahamia kwenye leza: kwa nini nisimfanyie leza, amalize? Nikaanza upya. Mwanga wa leza hufyonzwa na rangi nyeusi iliyo katika unywele, ukageuka joto na kuunguza shina. Kwa hiyo leza nayo inahitaji unywele uliomo ndani ya ngozi, na yeye alikuwa ameshaung'oa. Tena nywele zake nusu zimekwisha kuwa nyeupe, na unywele mweupe hauna rangi ya kufyonza mwanga huo. Na kwa mwenye ngozi nyeusi mashine ni lazima ichaguliwe kwa uangalifu, ile ya mawimbi ya nanomita 1064 ikiwa salama zaidi kwa sababu hupita chini zaidi na kuigusa kidogo rangi ya ngozi yenyewe. Nilimweleza haya yote huku nikisikia mteja wa saa tano na nusu akikohoa nje.

Mwishowe alinyanyua sauti. Alisema ninamrefushia kazi makusudi ili aje mara nyingi. Maneno hayo yaliniuma, nami sioni haya kukiri, maana ninaweka kadi ya kila mteja na kadi yake ilikuwa mkononi mwangu, ikionyesha kwamba kati ya ziara nne alizokuja, mbili hazikuzaa kitu kwa sababu ya kibano chake mwenyewe. Sikumwonyesha kwa hasira. Niliiweka mapajani mwake aisome, nikapaka dawa ya kutuliza kwenye vidonda vyake, nikamwandikia tarehe ya wiki sita mbele. Alitoka bila kuaga. Ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Mteja wa saa tano na nusu alikuwa mama mtu mzima ambaye hukuza malaika mashavuni, zile nywele laini zisizo na rangi, na alitaka ziondolewe kwa nta. Nilimshauri aziache, kwa sababu zilikuwa hazionekani hata kwa mtu aliyekaa mbele yake. "Mwanangu, umenifukuzia nywele bila kunigusa," akasema, na hilo lilinirudishia moyo kidogo.

Chakula cha mchana nilikila nimesimama. Nikiwa pale aliingia mteja wangu wa siku nyingi kuchukua kadi yake. Huyu daktari amempa krimu ya eflonithini, ambayo hupunguza kasi ya kuota kwa nywele za usoni bila kuziondoa, na ambayo akiiacha, nywele hurudia kasi yake baada ya wiki chache. Wachache wanajua kwamba dawa hiyohiyo ndiyo iliyotumika, kwa njia ya mshipa, kuwatibu wagonjwa wa malale. Kila ninapoikumbuka ninaiheshimu kazi yangu zaidi.

Saa nane ndipo nilipoketi kwa ajili ya kazi ndefu: saa mbili mfululizo, mteja mmoja, mdomo wa juu, kidevu na shingo. Naomba msomaji aifikirie. Taa inawaka sentimita chache kutoka kwenye paji la uso, jicho langu liko nyuma ya kioo cha kukuzia, mkono wa kushoto unakaza ngozi, wa kulia unaingiza sindano nyembamba karibu sawa na unywele wenyewe. Ninakanyaga swichi, ninahesabu, ninaushika unywele kwa kibano. Ukija wenyewe bila kuvutika, kazi imefanyika. Ukikataa, sikuutibu vizuri na ninarudia. Kisha unaofuata. Kisha unaofuata.

Kazi hii haikuzaliwa saluni. Mwaka 1875 Charles Michel, tabibu wa macho wa St. Louis huko Marekani, alieleza jinsi alivyotumia waya na umeme wa betri kuondoa kope zinazoota kuelekea ndani na kukwaruza jicho. Umeme wake wa mkondo mmoja hugeuza chumvi na maji yaliyomo katika kinyweleo kuwa alkali kali inayoyeyusha shina. Mwaka 1924 Henri Bordier, wa Lyon huko Ufaransa, akaleta njia ya pili, umeme wa masafa ya juu unaounguza shina kwa joto, nao ni wa haraka zaidi. Mimi ninatumia njia zote mbili kwa pamoja kwa ndevu ngumu kama za mteja huyu. Hadi leo hii ndiyo njia ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani inaiita ya kudumu. Leza inatambuliwa kuwa inapunguza nywele kwa kudumu, na tofauti ya maneno hayo mawili wateja wachache huelezwa kabla ya kulipa.

Sijui ilikuwa saa ngapi nilipoacha kuhesabu. Mteja hakusema neno, ila machozi yalikuwa yakimtoka pembeni mwa jicho, hasa nilipofika chini ya pua, nami nilikuwa nikisimama kila mara ili apumue. Shingo yangu ilikuwa imekaza kama ubao. Tutahitaji zaidi ya mwaka mmoja, yeye na mimi, kwa kuwa nywele haziamki pamoja: nyingine zinaota, nyingine zimelala chini, na ninayoweza kuiua vizuri ni ile iliyo katika kuota. Amelikubali hilo, na huja kila mara akiwa amenyoa siku tatu kabla, urefu ninaoutaka.

Baadaye, jua likiwa limeshaanza kushuka, aliletwa binti wa miaka kumi na tisa na mama yake. Ndevu zilianza kama miezi mitatu iliyopita, kwa kasi, na sauti yake imeanza kuwa nzito. Mama alitaka tuanze siku hiyohiyo. Nilikataa, na hapo sikuhitaji kufikiri mara mbili. Wanawake wengi wenye ndevu wana tatizo la homoni liitwalo PCOS, ambalo Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa huwapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na dalili zake huja polepole pamoja na hedhi isiyo na mpangilio. Lakini nywele zinazokuja kwa ghafla pamoja na sauti kubadilika zinaweza kutokana na uvimbe wa ovari au wa tezi zilizo juu ya figo. "Mama, mpeleke kwa daktari wiki hii, msingoje," nilimwambia, nikaandika yote niliyoyaona kwenye karatasi ili binti asilazimike kuyaeleza tena kwa mdomo. Binti aliuliza kama anaweza kunyoa kwa sasa. Nikamwambia anaweza, na nikamwonyesha namna.

Nilifunga saa mbili usiku, baada ya kutupa sindano zote katika kasha la vitu vyenye ncha na kuandika kadi tisa. Nikiwa njiani simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa mteja wa saa nne. Aliandika kwamba amenunua wembe, ameuweka juu ya sinki tangu magharibi, na hathubutu kuugusa. Je, naweza kumnyoa mimi kwa mara ya kwanza, huku yeye akitazama kwenye kioo? Nilimjibu aje kesho saa mbili kasoro robo, kabla ya mteja wa kwanza, aje na huo wembe wake, na asinyonyoe chochote usiku huu.