Mpango wa Kijiji Uanzie Kwenye Chanja za Dagaa

Wiki iliyopita nilihudhuria mkutano mkuu wa kijiji chetu kando ya ziwa, wilayani Sengerema, ambako rasimu ya mpango wa maendeleo ilisomwa haraka mno, na sehemu kubwa ilihusu majengo. Akina mama wanaochakata dagaa hawakutajwa hata mara moja, ingawa ndio wanaosomesha watoto wa kaya nyingi hapa. Dagaa wanaoanikwa chini hushika mchanga, na mvua ikinyesha huoza, hivyo wachuuzi kutoka Mwanza huwanunua kwa bei ya chakula cha kuku. Wakianikwa kwenye chanja zilizoinuliwa, hukauka upesi na kubaki safi kwa mlaji. Chanja yenyewe ni miti na nyavu tu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Nilisimama nikaomba wachakataji wasaidiwe kusajili kikundi ili waombe mkopo huo wa kujengea chanja, na mwenyekiti akakubali ombi hilo liandikwe kwenye muhtasari. Mkutano ujao nitafika na bei za dagaa wa mchangani na wa chanja, soko kwa soko.