Kaa koko na nyumba zake

Ukimsikia mtu akisema kaa wamekwisha Mto Mkanda, muulize kwanza alikwenda bamvua (maji yanapojaa sana) au maji mafu (yanapojaa kidogo), na alikuwa akitafuta kaa wa umri gani. Kaa koko, yule kaa mkubwa wa tope la mikoko, hana nyumba moja. Kila umri una nyumba yake, na ikikosekana moja, nyingine hubaki matundu matupu.

Kaa mchanga, ambaye gamba lake halijazidi upana wa kidole gumba, hukaa kwenye majani ya bahari na ukingoni mwa mikoko, pale mlilana, mkoko wa mbele, unaposimama majini. Anachohitaji hapo hasa ni kificho. Atajivua gamba mara nyingi, na kila akijivua hubaki laini, chakula cha yeyote apitaye, kaa wenzake wakiwa mbele. Wafugaji wanaochanganya wakubwa na wadogo kwenye kidimbwi kimoja huishia na kaa wachache walionona. Dawa ni kila kaa na chumba chake. Na anayekata mililana ya mbele akidhani msitu wa nyuma unatosha, amewavunjia wadogo nyumba.

Akifikia ukubwa wa kiganja, huanza kwenda na maji. Yakijaa, huogelea kuingia ndani ya mikoko (miguu yake ya mwisho ni bapa kama kafi) akala konokono, chaza na kaa wadogo. Yakipwa, hurudi mtoni au hujichimbia tunduni. Bamvua hufikisha maji hadi kwenye mikandaa na michu, mikoko ya nyuma, kwa hiyo naye hufika huko. Siku za maji mafu, yeye hubaki chini. Tundu lenye mwenyewe lina mdomo mpana ulio bapa, tope jipya mlangoni, na maji ndani hata wakati wa kupwa. Lenye utando wa buibui lipite.

Safari kubwa ni ya jike. Dume humkumbatia siku kadhaa mpaka jike ajivue gamba, ndipo wapandane akiwa laini. Baadaye jike huiacha mikoko, akatoka milangoni mwa mto kuelekea bahari kuu, na mbegu ya dume amekwisha kuihifadhi mwilini. Huko hubeba mayai tumboni, mamilioni, yakianza na rangi ya machungwa na kuishia kahawia iliyokoza karibu na kuanguliwa. Katika maji yetu ya joto huchukua kama wiki mbili. Haendi kutalii: vitoto vya kaa havistahimili maji yaliyopungua chumvi, na mvua za masika zikimiminika, maji ya mtoni hupungua chumvi haraka. Watoto hao huelea baharini wiki tatu hivi au nne, wakibadilika umbo mara kadhaa, kisha maji yanayojaa huwarudisha pwani wakiwa wadogo kuliko ukucha.

Ndiyo maana jike mwenye mayai haonekani sana mikokoni, na wavu uliotegwa mlangoni humnasa yeye hasa, akiwa njiani. Mgeuze kaa utazame kifuniko cha tumbo. Chembamba chenye ncha ni dume. Cha pembetatu ni jike ambaye hajakomaa. Kipana, cha mviringo, chenye rangi iliyokoza, ni jike mzima: huyo mrudishe majini kabla hujamfunga magando.